Uchambuzi wa kisa: Bwana wa Kerak na msafara uliovunja suluhu

Mwishoni mwa mwaka 1186 au mwanzoni mwa 1187, msafara mkubwa uliotoka Kairo kwenda Damascus ulipita mashariki ya Bahari ya Chumvi, katika nchi iliyolindwa na ngome ya Kerak. Kulikuwa na suluhu kati ya Ufalme wa Yerusalemu, ufalme wa Wakristo waliotoka Ulaya kwa Vita vya Msalaba, na Sultani Salahuddin, na wasafiri waliitegemea. Bwana wa ngome, Reynald de Châtillon, akauvamia msafara, akachukua mali yote na kuwatia watu kifungoni. Mfalme wake alimtaka arudishe. Akakataa. Kabla mwaka 1187 haujaisha, ufalme huo ulikuwa umepoteza jeshi lake, bandari zake nyingi na mji wa Yerusalemu wenyewe.

Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama habari ya mtu katili aliyevuna alichopanda. Ukatili wake upo, na sitaupunguza hata kidogo. Ila msomaji akiishia hapo hajafundishwa kitu, kwa kuwa wakatili walikuwepo pande zote mbili za vita vile. Jambo la kuuliza ni jingine: ilikuwaje mtu asiye mfalme avunje suluhu ya ufalme mzima mara mbili, kwa njia ileile na karibu mahali palepale, na asizuiwe hata mara moja?

Wakuu wa kisa hiki wamekwisha kuandikwa na historia, kwa hiyo majina yao nimeyaacha kama yalivyo. Wafanyabiashara wa ule msafara hawana majina katika kumbukumbu yoyote ninayoijua, na hilo lenyewe ni sehemu ya tatizo litakalochambuliwa.

Usuli

Reynald alizaliwa Ufaransa mnamo 1125, mtoto mdogo wa bwana wa Donzy. Mtoto mdogo katika ukoo wa kikabaila alikuwa na jina lakini hakuwa na ardhi. Akaenda Mashariki na Vita vya Msalaba vya Pili mwaka 1147, na wenzake waliporudi kwao yeye akabaki kama askari wa kulipwa. Mwaka 1153 alikuwa katika jeshi la Mfalme Baldwin III lililouzingira mji wa Askalon. Mwaka huohuo akaolewa na bahati: Constance, mtawala wa Antiokia, dola nyingine ya Wakristo hao huko kaskazini, aliyefiwa na mumewe vitani na ambaye alikwisha kuwakataa wachumba kadhaa wa daraja la juu, akamchagua yeye. Askofu mkuu William wa Tiro, mwandishi wa habari za ufalme ule, anaeleza jinsi watu walivyostaajabu kuona bibi wa cheo kile akimkubali askari wa kawaida.

Patriarki wa Antiokia, yaani mkuu wa kanisa la huko, Aimery, aliipinga ndoa hiyo hadharani. Reynald alikuwa na haja ya fedha, na patriarki alikuwa nazo. Akamkamata, akampiga, akaamuru majeraha ya kichwani yapakwe asali, kisha mzee yule akawekwa juani juu ya ngome siku nzima ili nzi na wadudu wamle. Fedha zikatoka. Mfalme wa Yerusalemu alituma wajumbe, patriarki akaachiliwa na kuhamia Yerusalemu. Reynald hakuadhibiwa kwa lolote.

Jambo la pili lilitokea katika kisiwa cha Kupro. Kaisari Manuel Komnenos wa Bizanti, dola ya Wakristo wa Kigiriki, alimtaka Reynald apigane na Waarmenia wa Kilikia na kumwahidi malipo. Malipo yalipochelewa, Reynald aliungana na Waarmenia haohao na mnamo 1156 wakaishukia Kupro, kisiwa cha Wakristo kilichokuwa mali ya Kaisari. Mashamba yalichomwa, makanisa yakaporwa, watu wakakamatwa ili ndugu zao walipe fidia, na makasisi wa Kigiriki wakakatwa pua.

Kaisari alikuja na jeshi mwaka 1158. Reynald alijua hawezi kupigana naye, akaenda kambini kwake karibu na mji wa Mamistra akiwa peku, mikono ya nguo imekatwa hadi kwenye viwiko, kamba shingoni, na upanga ameushika upande wa ncha ili Kaisari aupokee kwa mpini. Akalala kifudifudi vumbini mbele ya wajumbe wa mataifa, na Kaisari akamwacha alale hapo kwa muda. Halafu akamsamehe. Mwaka 1159 Manuel alipoingia Antiokia kwa fahari, Reynald alitembea kwa miguu kando ya farasi wake. Lakini utawala wake aliendelea nao, na watu wa Kupro hawakulipwa kitu.

Mnamo 1160 au 1161 alikwenda kupora mifugo upande wa Marash, na wakati wa kurudi akakamatwa na liwali wa Halab (Aleppo). Alikaa gerezani miaka 15 hivi. Alipotoka mwaka 1176, kwa fidia inayotajwa kuwa dinari 120,000, Constance alikwisha kufa na Antiokia ilikuwa ya mwanawe wa kambo. Muda si mrefu akamwoa Stephanie wa Milly, mjane aliyeirithi Ng'ambo ya Jordani, na ndoa hiyo ikampa ngome za Kerak na Shawbak. Mfalme akamwongezea na Hebroni.

Mahali hapo pana uzito mkubwa katika kisa hiki. Salahuddin alitawala Misri na Damascus, na kati ya pande hizo mbili za dola yake palikuwa na kabari ya ardhi ya Wafaranki, yaani Wakristo wa Ulaya waliotawala huko. Misafara ya biashara, majeshi, na mahujaji wa Sham waendao Makka wote walipita machoni pa Kerak. Wakati wa amani bwana wa ngome alitoza ushuru. Wakati wa vita alipora. Uamuzi wa lini ni amani na lini ni vita ulitakiwa uwe wa mfalme.

Mara ya kwanza: Tayma, 1181

Mwaka 1180 Mfalme Baldwin IV na Salahuddin waliwekeana suluhu ya miaka miwili, na biashara ikaruhusiwa kupita. Mwaka uliofuata Reynald aliingia ndani ya Bara Arabu hadi karibu na Tayma, kwenye njia ya Madina, akateka msafara. Salahuddin alilalamika kwa mfalme. Baldwin akakiri kwamba suluhu imevunjwa na akamtaka Reynald arudishe mali na watu. Reynald akakataa, na mfalme, aliyekuwa kijana mwenye ukoma uliokuwa ukimla siku hadi siku, hakuwa na njia ya kumlazimisha.

Wakati huo meli yenye mahujaji Wakristo wapatao 1,500 ilisukumwa na dhoruba hadi Dimyati, Misri. Salahuddin akawashika, akasema watabadilishwa na mateka na mali ya ule msafara. Reynald hakubadili msimamo, na watu wale walitoka katika suluhu wakaingia utumwani kwa sababu ya uporaji waliokuwa hawaujui. Mwaka 1182 vita vikaanza upya.

Mapema 1183 akafanya jambo ambalo hakuna Mfaranki aliyewahi kulifanya. Aliunda majahazi, vipande vikapakiwa juu ya ngamia hadi Ghuba ya Aqaba, vikaunganishwa na kushushwa majini. Majahazi mawili yakafunga njia ya kisiwa cha ngome karibu na Ayla, mengine yakateremka Bahari ya Shamu. Yakachoma meli pwani ya Afrika huko Aydhab, bandari ya mahujaji wavukao kwenda Jeddah na ya bidhaa za Yemen na Bara Hindi. Kwa karne nyingi hakuna adui aliyewahi kuonekana bahari ile, na ndiyo iliyoungana na Aden, bandari iliyopokea pia mizigo ya pwani yetu ya Zanj. Wavamizi walishuka pwani ya Hijazi, na habari zikaenea kwamba wanaelekea Madina. Al-Adil, ndugu yake Salahuddin, akatuma kikosi chini ya Husamuddin Lu'lu', ambacho kiliwawinda hadi wakakamatwa. Wawili walichinjwa Mina wakati wa hija. Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusia, aliona wengine wakiingizwa Iskandaria juu ya ngamia, nyuso zimeelekezwa mikiani. Reynald mwenyewe alikuwa salama ngomeni kwake.

Salahuddin aliizingira Kerak mwezi Novemba 1183, ndani kukiwa na harusi ya mwana wa kambo wa Reynald na dada wa mfalme. Baldwin, ambaye sasa alikuwa kipofu na hawezi kupanda farasi, aliletwa akiwa amebebwa kwenye machela akiongoza jeshi la kumwokoa. Ngome ikaokoka. Mwaka 1184 ikazingirwa tena, ikaokoka tena.

Mara ya pili, na maamuzi yaliyofuata

Baldwin IV alikufa 1185, na Raymond III wa Tripoli, aliyeshika utawala kwa niaba ya mtoto Baldwin V, akapata suluhu ya miaka minne. Mtoto naye akafa 1186. Hapo ukoo wa kifalme ukagawanyika. Sibylla, dada wa mfalme mkoma, alivikwa taji na akamvisha taji mumewe, Guy wa Lusignan. Raymond alikataa kumtambua. Reynald alikuwa miongoni mwa waliomsimamisha Guy, na alisimama mbele ya watu wa Yerusalemu kumtetea Sibylla kuwa mrithi wa haki.

Ndipo msafara ulipopita.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa Reynald: kuvamia. Tusimpe akili ndogo kuliko aliyokuwa nayo. Ibn al-Athir, mwanahistoria Mwislamu wa zama zile, anaandika kwamba msafara ulifuatana na kikosi cha askari, na wapo wanahistoria wa sasa wanaosema Reynald aliweza kudai kuwa kupitisha askari chini ya kivuli cha suluhu ni kuivunja suluhu yenyewe. Hoja hiyo ina uzito kwa askari. Haina uzito wowote kwa wafanyabiashara na watu wao aliowafungia Kerak. Bahauddin ibn Shaddad, mwandishi wa habari za Salahuddin, anasimulia kwamba walipomkumbusha suluhu aliwajibu kwa kumkejeli Mtume wao.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa Salahuddin. Hakuanza na upanga. Alidai watu na mali virudishwe, akapeleka malalamiko kwa Reynald na kwa mfalme, na papo hapo akaapa kumuua Reynald kwa mkono wake akimpata. Kudai kwanza kulimpa haki mbele ya watu wake, na alikuwa akiihitaji. Alikuwa ametumia miaka mingi kupigana na Waislamu wenzake wa Sham na Mosul, na wengi walimlaumu kwa hilo.

Uamuzi wa tatu, ambao kwangu ndio moyo wa kisa, ulikuwa wa Guy. Alimwamuru Reynald arudishe kila kitu. Jibu alilopata, kama wanavyolisimulia waandishi wa Kifaranki, lilikuwa kwamba Reynald ni bwana katika nchi yake kama Guy alivyo katika yake, na kwamba yeye hana suluhu yoyote na Waislamu. Guy akanyamaza. Hakumnyang'anya ardhi, hakumwita mbele ya baraza la mabwana kuhukumiwa, wala hakulipa fidia kutoka hazina yake. Mtu aliyempa taji miezi michache nyuma hangeweza kusutwa bila taji lenyewe kutikisika, tena huku Raymond akisubiri kando na mkataba wake wa pekee na Salahuddin mkononi.

Matokeo

Salahuddin alikusanya majeshi ya Misri, Sham na Jazira, nchi ya kaskazini ya Iraki. Tarehe 2 Julai 1187 akaishambulia Tiberia, ambako mke wa Raymond alikuwa ngomeni. Wafaranki walikuwa wamepiga kambi Saffuriya, penye chemchemi za kutosha, watu 20,000 hivi, wakiwemo wapanda farasi wa daraja la juu wapatao 1,200. Raymond akashauri wasiondoke, ingawa mji uliozingirwa ulikuwa wake na aliyekuwamo ni mkewe: kati ya pale na Tiberia hakuna maji ya kutosha jeshi, na ni Julai. Reynald na Gerard de Ridefort, mkuu wa Watempla, shirika la watawa wapiganaji, wakamwita msaliti na mwoga. Guy alikubaliana na Raymond jioni. Usiku Gerard akarudi hemani kwake, na alfajiri jeshi likaamriwa kuondoka. Tarehe 4 Julai, kwenye vilele viwili vya Hattin, likiwa limekaukiwa na limezungukwa na moshi wa nyasi zilizochomwa na adui, likaangamia.

Guy na Reynald waliletwa hemani kwa Salahuddin. Sultani alimpa mfalme maji yaliyopozwa kwa theluji. Guy akanywa, kisha akampa Reynald kikombe. Kwa desturi ya Waarabu mateka aliyekula au kunywa kwa aliyemteka amepata usalama, na Salahuddin akamwambia mkalimani amweleze mfalme kwamba ni yeye mfalme, si Sultani, aliyempa Reynald kinywaji. Alimhesabia Reynald makosa yake, akamtaka asilimu, na alipokataa akampiga upanga begani, na walinzi wakammaliza. Guy alitetemeka, akaambiwa asiogope: si desturi ya wafalme kuuana wafalme, ila huyu alivuka mpaka.

Acre ilisalimu amri siku chache baadaye, Yerusalemu tarehe 2 Oktoba. Kerak ilishikilia hadi mwishoni mwa 1188, watu wakiwa wamekwisha kula kila kilicholika, na Shawbak hadi 1189.

Uchambuzi

Nianze na kilichofanya kazi, kwa sababu kipo. Kijeshi, Reynald alielewa kuliko wenzake wengi kwamba udhaifu wa Salahuddin ulikuwa kwenye barabara kati ya Misri na Sham. Uvamizi wa Tayma ulimlazimisha Farrukh Shah, liwali wa Damascus, kuigeukia nchi ya Kerak, na majahazi ya Bahari ya Shamu yalimtia Sultani aibu mbele ya Waislamu wote, kwani alijiita mlinzi wa Makka na Madina. Mwaka 1177, huko Montgisard, Reynald alikuwa bega kwa bega na Baldwin IV katika ushindi mkubwa kuliko wote waliowahi kuupata dhidi ya Salahuddin. Pia tukumbuke kwamba William wa Tiro, ambaye ndiye chanzo chetu kikuu cha Antiokia na Kupro, alikuwa upande wa Raymond katika siasa za ufalme. Simulizi lake ni la mtu mwenye upande.

Hata hivyo, hesabu ya kijeshi ilikuwa sahihi kwa ufalme uliokuwa umeamua kupigana. Ufalme wa 1186 ulikuwa umeamua kupumzika, na ulihitaji kupumzika. Taji lilikuwa jipya na limegombewa, na bwana mwenye nguvu kuliko wote hakulitambua. Salahuddin naye alikuwa ametoka tu kumaliza ugomvi wake na Mosul. Sidhani angeacha kupigana milele, na suluhu ingeisha yenyewe 1189. Reynald alichompa ni sababu isiyopingika na wakati mzuri kuliko wowote.

Sasa tulirudie swali la mwanzo. Ukiyapanga matendo yake kwa mfululizo unaona kwamba kila mara aliyelipa alikuwa mtu mwingine. Patriarki alilipa kwa ngozi yake. Watu wa Kupro walilipa, na Reynald akalipa kwa kulala vumbini kwa muda, bei ambayo mtu asiyeona haya huilipa bila kusumbuka. Mahujaji wa Dimyati walilipa kwa uhuru wao, mabaharia wake kwa shingo zao, na mfalme kipofu alibebwa nchi nzima kuja kumwokoa. Gerezani Halab peke yake ndiko alikolipa mwenyewe, na waliompeleka huko walikuwa adui zake. Wakuu wake hawakumpeleka popote. Alipotoka walimpa ngome mbili na mji.

Kwa hiyo naona kosa la 1186 lilifanyika 1181. Baldwin IV alikuwa mfalme shujaa na ninamheshimu sana, lakini alipokiri mbele ya Salahuddin kwamba suluhu imevunjwa, kisha akashindwa kumfanya mtu wake arudishe, alifundisha pande zote mbili jambo moja. Reynald alijifunza kwamba amri ya mfalme ina mwisho wake kwenye mipaka ya Kerak. Salahuddin alijifunza kwamba muhuri wa mfalme haumfungi bwana wa Kerak. Suluhu ya 1185 iliandikwa juu ya elimu hiyo, bila kifungu wala dhamana iliyomhusu mtu yule aliyeivunja ya kwanza. Raymond, aliyeipata, alikuwa mtawala mwerevu, na inashangaza kwamba hakulishughulikia.

Wengine humtetea Guy kwamba hakuwa na la kufanya. Nguvu hakuwa nazo, kweli. Fedha zilikuwepo nchini. Mfalme Henry II wa Uingereza alikuwa amepeleka Yerusalemu fedha nyingi zikatunzwa na Watempla na Wahospitali, shirika jingine la namna hiyo, na miezi michache baada ya uvamizi Gerard alifungua fungu lililokuwa kwa Watempla ili kukodi askari wa kwenda Hattin. Reynald alikuwa mtu wa bei. Alimtesa patriarki kwa fedha, akaishambulia Kupro kwa fedha asizolipwa, na yeye mwenyewe alirudi duniani kwa dinari 120,000. Kuwakomboa mateka wa Kerak kwa fedha ya Henry kungemwaibisha Guy na kumtajirisha mkosaji, lakini Salahuddin alikuwa amedai watu na mali, na ombi hilo lingeweza kutimizwa. Lilikuwa suala la kukubali kwamba watu waliofungwa chini ya ngome ile, wageni, wa dini nyingine, walikuwa dhamana ya mfalme kwa sababu ya muhuri wake. Katika kumbukumbu zote za majadiliano ya Wafaranki kabla ya Julai 1187 sijaona mahali ambapo yeyote wao aliwasemea.